DHS, nondo, skrubu tatu au nyonga ya bandia: mzee wako akivunjika nyonga, kipi kinamfaa

Juzi jioni natoka thieta, hata kofia sijavua, nakuta kijana kakaa kwenye benchi nje ya wodi ya mifupa, bahasha kubwa ya eksirei kwapani na karatasi mkononi. Karatasi yenyewe imeandikwa majina ya vyuma viwili tu vya kushikilia mfupa, DHS (pleti yenye skrubu) na PFN (aina ya nondo), na mbele ya kila kimoja bei yake. Akasimama, "Shikamoo sista, samahani, mama yangu kaanguka bafuni, tumeambiwa tukatafute chuma na kuna hivi viwili, sasa kipi kizuri?" Nikamwambia marahaba mwanangu, hebu toa hiyo picha kwanza. Tukaiinua dirishani kwenye mwanga nikamwonyesha kwa kidole ule mstari mweusi umepita wapi, maana bila kujua mfupa umevunjikia wapi swali la kipi kizuri halina jibu, hata ukimuuliza profesa.

Huu ni mwaka wangu wa 14 nampa daktari vyombo kwenye upasuaji wa mifupa hapa Tanzania na hilo swali nimeulizwa na watoto wa wagonjwa sijui mara ngapi, wengi wakati pesa imeshatoka na chuma kimeshanunuliwa. Kwa hiyo leo naandika kirefu, nisomeni taratibu, daktari ndiye wa kuamua mwisho lakini ukienda kuongea naye uwe unajua unauliza nini.

Tuanzie kwenye mfupa. Fupa la paja kwa juu lina kichwa cha mviringo kinachokaa ndani ya bakuli la nyonga, chini ya kichwa kuna shingo imelala kimshazari, halafu shingo ikiisha kuna nundu mbili, kubwa kwa nje (ile ukijigusa pembeni ya nyonga unaisikia) na ndogo kwa ndani, halafu ndio mfupa wenyewe unanyooka kushuka gotini. Sasa mishipa mikuu ya damu inayolisha kichwa inapanda kupitia shingo, imeng'ang'ania juu ya mfupa kama mtambaa ulivyong'ang'ania mti. Shingo ikikatika na vipande vikahama mishipa nayo inachanika, na kichwa kikikosa damu kinakufa, hata kama umekishika na chuma cha dhahabu. Ila mpasuko ukiwa chini ya shingo, pale kwenye nundu, mfupa wa pale ni laini kama sponji na una damu tele, kuunga utaunga, shida ni nani ataushikilia usipinde wakati unaunga.

Kwa hiyo shingoni tunauliza kichwa kitaishi? Kwenye nundu tunauliza chuma kitashika? Ni maswali mawili tofauti kabisa na vyuma vyake ni tofauti.

Umevunjikia shingoni

Hapa wanaoshindana ni skrubu tatu, DHS na nyonga ya bandia.

Skrubu tatu ni skrubu nene zenye tundu katikati, za kama milimita 6.5 mpaka 7.3, zinapitishwa juu ya waya mwembamba uliotangulia kuonyesha njia, na zinapangwa pembetatu iliyogeuzwa, moja chini mbili juu. Uzuri wake ni kwamba kidonda ni kidogo sana, damu kidogo, mgonjwa mwenye moyo dhaifu anaweza kuvumilia. Zinafaa pale shingo imepasuka lakini vipande havijahama, au vimebanana vyenyewe. Ubaya wake hazina mkono wa pembeni wa kushikilia, zimeegemea mfupa peke yake, mfupa wa bibi wa miaka 80 ni kama biskuti iliyolowa, skrubu zinaanza kurudi nyuma na shingo inafupika. Na kingine, zikiingizwa chini sana, chini ya usawa wa ile nundu ndogo, tundu la skrubu linakuwa mahali pa kuvunjikia upya.

DHS ni pleti inayokaa ubavuni mwa paja, ina bomba, na ndani ya bomba kuna skrubu moja nene inayoenda mpaka kwenye kichwa, nitaieleza vizuri huko chini maana ndiyo yenye mambo mengi. Shingoni nayo inatumika, na watu walibishana miaka mingi ipi bora kati yake na skrubu tatu, mpaka ukaja utafiti mkubwa unaoitwa FAITH, uliotoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2017, wagonjwa 1,108 wa miaka 50 na kuendelea, wakagawanywa kwa bahati, hawa DHS hawa skrubu. Baada ya miaka miwili waliorudi thieta ni asilimia 20 kwa DHS na asilimia 22 kwa skrubu, yaani ni kama sare. Ila ukiangalia ndani kuna vitu vya kuzingatia, kichwa kufa kulikuwa kwingi zaidi kwa wa DHS, asilimia 9 dhidi ya 5, wakati huohuo wavutaji sigara na wale waliovunjikia chini kabisa kwenye mzizi wa shingo au vipande vikawa vimehama, DHS ndiyo iliyowafaa zaidi. Kwa hiyo mtu akikuambia skrubu ni za kizamani usimwamini, na akikuambia DHS kila mahali ndiyo imara usimwamini pia.

Sasa kijana. Vijana wetu wanavunjika shingo ya paja kwa bodaboda, siyo bafuni, mfupa wao ni mgumu lakini umepigwa kwa nguvu kubwa na mara nyingi mpasuko umesimama wima. Mpasuko wa wima unateleza, kila akikanyaga kipande kimoja kinashuka juu ya kingine, skrubu tatu peke yake zinapata tabu hapo, ndio maana madaktari wengi wanaweka DHS na kuongeza skrubu moja juu yake kuzuia kichwa kisizunguke. Kwa mtu wa miaka 30 kichwa chake mwenyewe kinapiganiwa mpaka mwisho, na haraka, hii siyo ya kusubiri wiki mbili wodini.

Kwa mzee ambaye shingo imekatika na vipande vimehama, mimi naomba niseme wazi, msing'ang'anie kuunga. Kichwa kile uwezekano wa kufa ni mkubwa, mtamfanyia mara mbili, na mzee hana akiba ya mwili ya kufanyiwa mara mbili. Hapo ni kutoa kichwa na kuweka cha bandia. Kuna nusu na kuna nzima. Nusu ni kichwa cha chuma na shina lake linaloingia ndani ya paja, bakuli linabaki la kwake, na nzima inabadilisha vyote kichwa na bakuli. Nzima ni ghali zaidi na upasuaji ni mrefu zaidi, je inalipa? Utafiti wa HEALTH wa mwaka 2019, wagonjwa 1,495, ulikuta waliorudi kufanyiwa tena ndani ya miaka miwili ni asilimia 7.9 kwa nzima na 8.3 kwa nusu, karibu sawa, wa nzima walikuwa na nafuu kidogo kwenye maumivu na kutembea lakini nyonga yao ilichomoka mara nyingi zaidi. Kwa hiyo bibi anayetembea ndani na uani tu, nusu inamtosha jamani, msiuze shamba. Mzee wa miaka 65 anayeenda shambani na msikitini kwa miguu yake, au ambaye nyonga ilikuwa inamuuma kwa kusagika hata kabla hajaanguka, huyo nzima ina maana.

Halafu kuna suala la simenti, watu wanaogopa jina. Siyo ya kujengea nyumba, ni unga na maji yake vinachanganywa palepale mezani, harufu kali inajaa chumba, nakoroga mpaka inakuwa kama ugali mwepesi, daktari anaiingiza kwenye tundu la paja halafu shina linafuata na tunasubiri kama dakika kumi hivi inakuwa jiwe. Kabla haijaingia daktari lazima amwambie mtu wa usingizi kwa sauti, kwa sababu kuna dakika chache presha inaweza kuanguka. Pamoja na hayo yote kwa wazee simenti imeshinda, utafiti wa Uingereza uliotoka 2022 ulionyesha waliowekewa nusu nyonga kwa simenti waliishi vizuri zaidi na paja kuvunjika pembeni ya shina kulikuwa kuchache kuliko wasiowekewa. Ile Austin Moore ya kizamani, muundo wa miaka ya 1950, shina lake lina matundu na haina simenti, bado iko sana kwenye hospitali zetu kwa sababu ni rahisi, inasaidia mtu kuamka kitandani hilo sikatai, ila wengi wanalalamika paja kuuma kila wakikanyaga kwa sababu shina linacheza. Kama uwezo upo wa yenye simenti, ichukueni hiyo.

Umevunjikia kwenye nundu, chini ya shingo

Hapa ndipo mama wa yule kijana wa juzi alipovunjikia, na hapa shindano ni DHS na nondo. PFN, PFNA, Gamma, zote hizo ni nondo, yaani msumari mrefu unaingia ndani ya uwazi wa paja kutokea juu na una tundu linalopitisha skrubu kwenda kwenye kichwa.

DHS nikiweka trei yake mezani naiona kama kifaa cha akili sana. Waya unaingia kwanza kwa kielekezi cha nyuzi 135, unapigwa picha mbele na ubavu mpaka uwe katikati ya kichwa, kisha inakuja keekee yenye hatua tatu inachimba njia ya skrubu, ya bomba na ya kona ya pleti kwa mkupuo mmoja, halafu skrubu yenyewe, meno yake yana upana wa milimita 12.5, inazungushwa kwa mkono taratibu mpaka inauma kwenye mfupa mgumu karibu na ukingo wa kichwa. Pleti inavishwa juu yake, inafungwa ubavuni mara nyingi kwa skrubu nne. Siri yake ni kuteleza. Mgonjwa akikanyaga skrubu inarudi kidogo ndani ya bomba, vipande viwili vya mfupa vinabanana, na mfupa unaobanwa unaunga. Yaani uzito wa mgonjwa mwenyewe unageuka kuwa dawa.

Lakini huo utelezi unahitaji ukuta. Ukuta wa nje wa paja, pale chini ya nundu kubwa, lazima uwe mzima ili kuzuia vipande visipitilize. Ukuta ukiwa umevunjika au mwembamba sana, au mpasuko ukiwa umegeuka, umeanzia juu kwa ndani ukashuka kwenda nje badala ya kinyume chake, basi skrubu ikiteleza haibani kitu, inasukuma paja lote kuingia ndani. Mama yangu mkubwa yalimkuta. Mpasuko wake ulikuwa huo wa kugeuka, hospitali aliyolazwa walikuwa na DHS peke yake siku hiyo wakaiweka, mimi nilikuwa mbali na picha niliiona baadaye. Wiki ya sita anapiga simu, "mwanangu huu mguu umekuwa mfupi na usiku silali." Tulipopiga eksirei skrubu imerudi yote mpaka mwisho wa bomba na paja limehamia ndani kama sentimita mbili. Akatolewa akawekewa nondo ndefu hospitali nyingine, akatembea, lakini ile miezi aliyopoteza na nguvu aliyopoteza haikurudi yote. Na hii haikuwa bahati mbaya ya kwake tu, kuna madaktari wa Marekani waliochapisha mwaka 2001 matokeo ya mipasuko ya aina hii, waliowekewa skrubu ya kuteleza kama DHS zaidi ya nusu ilishindwa. Ndio maana nikiona picha ya namna hiyo siwezi kunyamaza.

Nondo inashinda hapo kwa sababu imekaa ndani, karibu na mstari ambao uzito wa mwili unashukia, mkono wa nguvu ni mfupi kuliko wa pleti iliyoko nje ubavuni. Na yenyewe inakuwa ukuta, paja likitaka kuhamia ndani linakutana na chuma. Kwa mpasuko uliogeuka, ulioshuka chini ya nundu ndogo, au uliosambaa ukavunja ukuta wa nje, ombeni nondo, kwenye hili sina maneno mawili. Na mpasuko ukishuka sana nondo iwe ndefu mpaka karibu na goti.

Ila kwa mpasuko wa kawaida, vipande viwili vitatu na ukuta wa nje mzima, DHS inafanya kazi sawa na nondo kwa bei ndogo. Hata mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, unasema kwa mipasuko ya hapa, isipokuwa ile iliyogeuka na ya chini ya nundu ndogo, waanze na skrubu ya kuteleza. Marekani wao wanapenda nondo zaidi, hasa kama mpasuko hauko imara. Mimi nimeona wazee wengi mno wakitembea na DHS miaka kumi na zaidi, kwa hiyo ukiambiwa nondo ni ya kisasa na DHS ya masikini usione aibu, uliza tu ukuta wa nje ni mzima au la.

Na nondo ina shida zake. Gamma za mwanzo zilikuwa zinavunja paja pale ncha inapoishia, za sasa zimeboreshwa lakini hatari haijaisha kabisa, ukianguka tena mfupa unapenda kuvunjikia nchani. PFN ina skrubu mbili kichwani, moja ya milimita 11 na nyingine 6.5, na kuna wakati moja inaingia ndani huku nyingine inatoka nje, kila moja na njia yake. PFNA ikaja na ubapa mmoja uliosokotwa badala ya hizo skrubu, unagongwa kwa nyundo na kuzunguka wenyewe, hautoi mfupa bali unaushindilia, kwa mfupa laini wa wazee naipenda zaidi, mkono unasikia kabisa tofauti ukiuingiza, nyundo ya mwisho mwisho inakuwa nzito. Kwa hiyo kama karatasi yako ina PFN na PFNA na tofauti ya bei siyo kubwa, kwa mtu wa miaka 75 nachagua PFNA.

Chuma kizuri kikikaa vibaya

Kuna kitu hakimo kwenye karatasi ya bei na ndicho kinachoamua mengi. Ncha ya skrubu iko wapi ndani ya kichwa. Mwaka 1995 Baumgaertner na wenzake walionyesha ukipima kutoka ncha ya skrubu mpaka kilele cha kichwa, kwenye picha ya mbele na ya ubavu, ukajumlisha, isizidi milimita 25. Ikizidi, skrubu inaanza kutoboa na kutoka nje ya kichwa. Ni kipimo rahisi, na kinafanya kazi kwa DHS na kwa nondo. Baada ya upasuaji una haki ya kumuuliza daktari, "dokta, skrubu imekaa katikati?" Daktari mzuri atafurahi kukuonyesha picha, wala hatakasirika.

Ili ikae katikati panahitajika ile mashine ya eksirei yenye umbo la herufi C inayoonyesha picha papo hapo mezani. Kabla hujanunua nondo uliza hospitali ina hiyo mashine na inafanya kazi wiki hii, siyo mwezi jana. Nimeona familia imenunua nondo ya gharama, mashine mbovu, mzee akalala na kamba ya kuvuta mguu siku 19 wakisubiri fundi. DHS nayo inahitaji picha lakini daktari mzoefu anaweza kujiokoa kidogo kwa kufungua na kuona kwa macho, nondo ya nyonga bila picha ni kubahatisha. Zile nondo za SIGN, za shirika lililoanzishwa Marekani mwaka 1999 linalotoa vyuma bure kwa hospitali za nchi kama zetu, zilitengenezwa makusudi ziwekwe bila mashine hiyo, ila uwezo huo ni hasa kwa kuvunjika katikati ya mfupa. Wanacho cha nyonga pia, muulize daktari kama hospitali yenu iko kwenye mpango wao, inaweza kuwaokoa pesa nyingi.

Na siku zinahesabika. Mzee aliyelala na nyonga iliyovunjika anapata vidonda mgongoni, kifua kinajaa, damu inaganda mguuni. Kwa hiyo kati ya DHS ya kesho asubuhi na nondo ya wiki tatu zijazo, kama ukuta wa nje ni mzima, chukueni ya kesho asubuhi.

Kijana wa juzi, mpasuko wa mama yake ulikuwa wa vipande viwili, ukuta mzima kabisa. Nikamwambia DHS mwanangu, na hela inayobaki mnunulie woka na mayai na maziwa, na kesho yake baada ya upasuaji muamshe akae, usimwonee huruma ukamwacha alale tu. Akaniuliza swali moja la mwisho ambalo wengi hawaulizi, je chuma kitatolewa lini? Kwa mzee hakitolewi, kinakaa humo maisha yake yote kama hakimsumbui. Lakini nikamwambia aombe stika zinazokuja kwenye boksi la chuma, zile zenye jina la kampuni na namba, azibandike kwenye daftari la mama pamoja na tarehe, na picha ya eksirei asiiache hospitali. Siku mzee akianguka tena, Mungu apishe mbali, daktari wa pale atahitaji kujua ni bisibisi ya kampuni gani inafungua skrubu hizo, nimeshasimama thieta saa mbili nzima tumefungua mguu na hakuna bisibisi inayoingia.